Gari la Moshi na Nauli Isiyotosha



Juma lililopita kijana mmoja wa Kabambare, mwanafunzi wa sekondari, alinijia barazani akaniuliza: "Mzee, shuleni tumefundishwa ya kwamba reli ni mali ya taifa. Basi mbona taifa zima linashindwa kutuletea gari la abiria kwa siku zinazojulikana? Na ikiwa gari hilo halileti faida, kwa nini lisifungwe, kila mtu akajitafutia njia yake?"

Nikamjibu: "Mwanangu, umeuliza maswali mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza. Nipe siku chache." Leo namjibu mbele yenu wote, kwa sababu najua ya kuwa swali hili limo katika nyumba nyingi za Kasongo na Kabambare. Ni swali la mama mwenye magunia ya mchele yanayongoja mnunuzi. Ni swali la baba aliye na mtoto chuoni Lubumbashi. Ni swali la kila mtu aliyewahi kulala stesheni akisikiliza kama honi italia usiku ule au la.

Kweli, katika teritori ya Kabambare hapana reli hata ya mita moja. Mtu wa kwetu husafiri kwanza mpaka Kasongo, akavuka Lualaba, akaitafuta stesheni ya Samba kwenye njia itokayo Kindu kwenda Kongolo. Mwingine hushuka kusini mpaka Kongolo kwenyewe. Walakini reli yatuhusu sana. Hapo kale misafara ya wafanya biashara kutoka Ujiji ilipita Kabambare ikielekea Kasongo na Nyangwe, na kila mzigo ulikaa juu ya bega la mtu. Gari la moshi lilikuja kuyapumzisha mabega hayo. Lisipokuja, mzigo hurudi mahali pake pa zamani, yaani begani, au juu ya baiskeli inayosukumwa na kijana kwa siku nyingi katika matope.

*Mfano wa mtumbwi*

Kabla ya kusema habari za kampuni kubwa, tuangalie kwanza jambo dogo tulijualo. Tuseme mtu ana mtumbwi mkubwa wa kuvusha watu Lualaba. Wapiga kafi lazima wale na walipwe, watu wawe wengi au wachache. Mtumbwi lazima uzibwe nyufa, mvua inyeshe au isinyeshe. Kwa mfano tu, tuseme gharama zake zote ni faranga 100,000 kwa siku. Abiria ni 50, na kila mmoja hulipa faranga 1,000. Jioni mwenye mtumbwi anahesabu faranga 50,000. Nusu imepungua. Afanye nini?

Njia ya kwanza ni kupandisha nauli. Anasema: "Tangu kesho ni faranga 2,000." Kesho yake maskini hawaji. Wanakuja 25 tu, na jioni anahesabu tena faranga 50,000 zile zile! Gharama haikushuka, maana kuvusha watu 25 kwataka wapiga kafi wale wale na mtumbwi ule ule. Pengo limebaki, na watu 25 wamebaki ng'ambo.

Njia ya pili ni kumtoza zaidi tajiri mwenye magunia mengi, ili malipo yake yazibe pengo la abiria. Hii yafaa, maadamu tajiri yule hajapata mtumbwi mwingine.

Njia ya tatu ni kijiji chote kuchanga, hata mtu asiyevuka mto, kwa sababu chumvi anayoila, muuguzi anayemtibu na mwalimu anayemfundishia mtoto, wote huja kwa mtumbwi ule. Mchango huo, ukitolewa na Serikali kutoka katika hazina ya wote, ndio unaoitwa ruzuku.

Njia ya nne haisemwi kwa sauti, ila hufuatwa mara nyingi. Ni kutowalipa wapiga kafi, kutoziba nyufa, na kuendelea kuvusha watu mpaka siku mtumbwi utakapozama.

Ndugu msomaji, shika vidole hivyo vinne. Historia yote ya reli yetu imo ndani yake.

*Ruzuku ya kwanza ilikuwa ardhi*

Watu wengi hudhani ya kuwa zamani, reli ilipokuwa mikononi mwa kampuni ya watu binafsi, ilijilisha yenyewe, na ya kuwa hasara ilianza siku Serikali ilipoichukua. Sivyo.

Kampuni ya reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL, iliundwa mwezi wa Januari 1902 na tajiri Mbelgiji Édouard Empain. Kazi yake ilikuwa kuzunguka maporomoko ya Lualaba. Penye maji mazuri abiria walipanda meli. Penye miamba walipanda gari la moshi. Kipande cha Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Kisangani na Ubundu za leo, kilomita 125, kilimalizika mwaka 1906. Kipande chetu cha Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, kilifuata mwishoni mwa mwaka 1910. Kile cha Kabalo hadi Albertville, ndiyo Kalemie, kilomita 273, kilikamilika mwaka 1915.

Je, matajiri wale walitia fedha zao kwa kutegemea nauli peke yake? Hata kidogo. Mtaji wa kwanza ulikuwa faranga milioni 25, na Dola ya Kongo ya mfalme Leopold II iliwadhaminia wenye hisa riba ya 4 kwa mia kila mwaka. Maana yake, gari likijaa au likiwa tupu, mwenye hisa alikuwa na ahadi ya fungu lake. Tena juu ya hayo kampuni ilipewa haki juu ya hektari milioni 4 za ardhi na misitu.

Ardhi hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya watu waliozaliwa humo, wakalima humo, wakawinda na kuzikana humo. Hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo ruzuku ya kwanza ya reli ya Maniema ilitolewa na wenyeji wasiojua hata kwamba wanatoa, pamoja na jasho la mababu waliopasua miamba na kulaza mataruma. Atakayewaambia leo ya kwamba watu wa bara hawajawahi kuichangia reli, mkumbusheni habari hii.

*Shaba ilipolipa nauli yetu*

Baadaye ulikuja wakati wa njia ya pili, yaani mwenye magunia kumlipia abiria. Mwaka 1955 upana wa reli ya CFL ulibadilishwa ili ulingane na ule wa Katanga, na mwaka 1956 njia ya kutoka Kamina ilifika Kabalo. Tangu hapo Kindu na Lubumbashi ziliunganishwa kwa reli. Mwaka 1974 Serikali ya Zaire iliyaunganisha makampuni ya reli kuwa shirika moja la taifa, SNCZ. Baada ya mabadiliko mengi ya miaka ya 1990, shirika hilo limejulikana kwa jina la SNCC tangu mwaka 1997. Reli zake ni kilomita 3,641, na kati ya hizo kilomita 858 zilijengwa ziendeshwe kwa umeme.

Shirika kubwa namna hiyo liliishi kwa nini? Liliishi kwa shaba. Behewa la shaba halihitaji viti, wala taa, wala choo. Halilalamiki likikawia, na hulipa vizuri kuliko behewa lililojaa wanafunzi na kuku. Kampuni ya migodi Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba mwaka 1986. Maadamu shehena hiyo ilipita juu ya reli, gari la abiria liliweza kwenda nyuma yake kama mtoto nyuma ya mama.

Kisha mama akaugua. Mwaka 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto uliporomoka, na kufikia katikati ya miaka ile ya 1990 Gécamines ilikuwa ikitoa tani chini ya 50,000 kwa mwaka. Reli ikapoteza mlipaji wake mkuu. Vita vilipofuata, njia ya kwetu ilikatika, na ilikuwa mwaka 2004 gari kutoka Lubumbashi lilipofika tena Kindu.

Mtasema: "Lakini shaba imerudi!" Naam, imerudi, na kupita ile ya zamani. Mwaka 2014 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni moja. Lakini makampuni mapya yalikuta reli imechoka, nayo yakanunua malori. Sehemu kubwa ya shaba ikaanza kupita barabarani, katika mpaka wa Kasumbalesa. Tajiri mwenye magunia amepata mtumbwi mwingine. Tangu hapo njia ya pili haitoshi peke yake.

Sasa, kijana wangu, sikiliza jambo ambalo wengi hawalioni. Mkuu wa reli mwenye vichwa vichache vya gari la moshi hana budi kuchagua kila asubuhi. Akikifunga kichwa kwenye mabehewa ya madini, atapata fedha za kununua mafuta ya kesho. Akikifunga kwenye mabehewa ya abiria wa Kindu, kitakwenda mbali, kitakawia njiani, na nauli itakayorudi haitajaza hata tangi. Mkuu huyo si lazima awe mtu mbaya. Ni hesabu inayomsukuma. Kama hakuna anayemlipa tofauti ile, abiria watakuwa wa mwisho siku zote.

*Kwa nini lisifungwe?*

Tufike kwenye swali la pili. Nchi nyingine zimelijaribu jibu hilo, basi tujifunze kwao.

Uingereza ilizitaifisha reli zake tarehe 1 Januari 1948. Hasara ilipozidi, mwaka 1963 bwana mmoja aitwaye Richard Beeching, mkuu wa reli hizo, alitoa taarifa iliyoshauri kufunga stesheni zaidi ya 2,000 na maili zipatazo 5,000 za njia. Nyingi zilifungwa kweli. Walakini hasara haikuisha, kwa maana abiria wa njia ndogo ndio waliokuwa wakiilisha njia kubwa, kama vijito viulishavyo mto. Miaka mitano baadaye, mwaka 1968, sheria mpya ilikubali waziwazi ya kwamba yako magari ya abiria yasiyoleta faida lakini watu hawawezi kuishi vema bila hayo, na ya kwamba Serikali itayalipia kwa fedha iliyotajwa.

Nchi za Ulaya zilizoungana ziliweka kanuni ya namna hiyo mwaka 1969, na nyingine mpya mwaka 2007. Shabaha yake ni moja: Serikali ikiitaka kampuni ifanye kazi ya huduma isiyojilipa, na ilipe gharama yake kwa mapatano, bila kupunja na bila kuzidisha. Hizo ndizo nchi tajiri, zenye watu wengi na miji iliyokaribiana. Ikiwa wao hawaendeshi magari yote ya abiria kwa nauli tupu, sisi wa Maniema tutawezaje?

Hata jirani zetu wameona vivyo hivyo. Kenya ilianza mwaka 2013 kutoza ushuru wa 1.5 kwa mia juu ya bidhaa ziingiazo nchini, ili kupata fedha za reli mpya. Gari la abiria la Mombasa na Nairobi lilianza mwaka 2017 na kupendwa sana, lakini mapato hayakutosha kubeba gharama na deni la ujenzi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 nauli ya kawaida ikapandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Tunajifunza mambo mawili: ruzuku ni ya lazima, na ruzuku bila kipimo nayo ni mzigo.

Tena, msidanganyike ya kwamba lori halina ruzuku. Ni nani anayefukia mashimo ya barabara? Kwa sheria ya mwaka 2008 nchi yetu iliunda mfuko wa kutunza barabara, FONER, unaolishwa kwa makato ya mafuta na malipo ya njiani. Ni jambo jema. Lakini ikiwa barabara ina mchango wake, si haki kuilaumu reli kwa kuhitaji wake.

*Njia ya nne na matunda yake*

Sheria nyingine ya mwaka 2008 ilibadilisha mashirika ya taifa, na kwa agizo la Serikali la mwaka 2009 SNCC iligeuzwa kuwa kampuni ya biashara, mwenye hisa wake akiwa Leta, kama wazee wetu waitavyo Serikali. Shabaha ilikuwa njema: shirika lijitegemee na kuweka hesabu kama mfanya biashara. Lakini mfanya biashara halisi huacha bidhaa isiyomlipa. Leta ilimwambia mtoto wake, "Jitegemee," na papo hapo ikamwambia, "Usiwaache abiria." Maneno hayo mawili hayapatani bila mfuko wa fedha katikati yake.

Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 255 kwa mradi wa uchukuzi nchini, na fungu kubwa lilikuwa la kuifufua SNCC. Tunashukuru. Lakini kununua mbuzi ni jambo moja, na kumlisha kila siku ni jambo la pili. Fedha ya kununua vichwa na reli si ile ya kulipa mafuta, mshahara na matengenezo mwaka hata mwaka. Mbuzi wa zawadi naye hufa njaa.

Basi pengo lisipolipwa na abiria, wala na mwenye madini, wala na hazina, hulipwa na nani? Hulipwa na mfanyakazi wa reli aliyekaa miezi mingi bila mshahara, na watoto wake waliofukuzwa shule kwa kukosa karo. Hulipwa na taruma lililooza lisibadilishwe. Na mwisho hulipwa na abiria, wala si kwa faranga.

Tarehe 22 Aprili 2014 gari la moshi lilianguka karibu na Kamina, wakafa watu zaidi ya 40. Tarehe 10 Machi 2022, huko Buyofwe katika teritori ya Lubudi, gari la mizigo liliacha njia na mabehewa yakatumbukia bondeni. Waliokufa walifikia 75 hivi. Gari lile halikuwa la abiria. Watu walikuwa wamepanda juu ya mizigo kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Tunaweza kuwalaumu kwa kupanda pasipo ruhusa. Lakini na tujiulize pia: gari lao la abiria lilikuwa wapi?

Huyo ndiye mtumbwi wenye nyufa. Faranga ambazo hazikuandikwa katika hesabu za Serikali ziliandikwa makaburini.

*La kufanya*

Kwanza, mapatano yaandikwe. Serikali iseme: tunataka gari la abiria kati ya Lubumbashi na Kindu mara kadha kwa mwezi, kwa nauli kadha, na tofauti tutailipa sisi. Huruma isiyo na hesabu haiendeshi injini.

Pili, fedha iliyoahidiwa ilipwe kwa wakati. Ruzuku ikichelewa mwaka mzima huwa deni, na deni huzaa deni.

Tatu, hesabu iwekwe wazi. Ruzuku hupenda giza. Hapo huliwa na wachache. Anayelipa, yaani wananchi, aonyeshwe ni magari mangapi yaliyokwenda, abiria wangapi waliosafiri, lita ngapi za mafuta zilizoungua. Asiyetimiza idadi ya safari asilipwe kama aliyetimiza.

Na sisi je? Yatupasa kukata tiketi na kudai karatasi yake, maana nauli inayoingia mfukoni mwa mtu haitengenezi reli. Yatupasa kuwakanya vijana wanaofungua vyuma vya njia na kuviuza. Tena yatupasa kuwauliza wabunge wetu. Kila mwaka Bunge huanza kikao chake tarehe 15 Septemba, nacho ni kikao cha bajeti. Mbunge wa Kasongo au wa Kabambare akija kutusalimu, tusimwombe fulana wala bia. Tumwulize swali moja tu: "Mheshimiwa, katika bajeti ya mwaka huu, gari la abiria la Kindu limetengewa kiasi gani, na la mwaka jana lililipwa kiasi gani?" Maswali hayo mawili yakiulizwa katika kila kijiji, yataanza kusikika mbali.

Sasa narudi kwako, kijana wangu. Uliuliza kwa nini taifa linashindwa. Taifa halina mfuko mwingine kuliko mifuko yetu, na halina macho mengine kuliko macho yetu. Uliuliza pia kwa nini gari lisifungwe. Nenda nyumbani, kaa na mama yako, mhesabu pamoja gunia moja la mchele litagharimu kiasi gani kufika Lubumbashi kwa reli, na kiasi gani kwa baiskeli na lori. Andika hesabu hiyo katika daftari lako, uniletee barazani. Nadhani utakuwa umejijibu mwenyewe.